Kisigino cha Bosi

Fundi cherehani alifika kliniki asubuhi, uzi mwekundu ukining'inia kwenye mkono wa shati lake, akaketi kwenye benchi la ukutani na kumpakata binti yake. Mtoto alikuwa na miaka minne, mikono imekakamaa, na hakuwahi kutamka neno. Nyumbani walimwita Bosi, kwa kuwa hapakuwa na kilichofanyika bila amri yake.

Amri zenyewe alizitoa kwa kisigino cha kushoto. Akigonga mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Akikiburuza, basi bibi yake ameanza tena habari ileile na msikilizaji amechoka.

Siku hiyo ilikuwa ya kupimwa. Mtoto aliyeonekana kuwasiliana angeingia darasa la watoto wadogo, lenye meza za kimo chao na mwalimu wao. Asiyeonekana hivyo angesubiri hadi mwakani. Nafasi ilikuwa imebaki moja. Fundi aliitamani nafasi hiyo hadi ikamkosesha usingizi, na alikuwa ameshamshonea Bosi sare, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba darasa lina sare.

Mtaalamu wa usemi alikuwa dada mpole mwenye haraka, wa kula chakula cha mchana amesimama. Aliwaita ndani, akambusu Bosi shavuni, kisha akauliza macho yakiwa kwenye karatasi:

"Haya mzazi, nyumbani anaendeleaje? Kwa kifupi tu."

"Vizuri, mtaalamu. Yaani huyu anaongea, ila si kwa mdomo. Ukitaka kumwelewa inabidi uanzie..."

"Kwa kifupi, baba."

Fundi akatafuta maneno mafupi, asiyapate. Ndipo chumba chao cha nyumbani kikaja.

Kiliingilia kwenye ukuta wenye picha za wanyama: kitanda cha mbao kwanza, halafu cherehani, halafu dirisha na pazia lake la vitambaa vya kuunga, na mwisho mama yake fundi, aliyekuwa kwenye kigoda akimenya viazi. Mtaalamu akainua mguu mmoja, kisha wa pili, mkeka upite. Hayakuwa mambo mageni kwake. Wiki iliyopita mama mmoja, aliyeshauriwa awe anamtoa mwanawe nje kila siku, aliletewa ngazi za ghorofa nne, na mpaka leo zilikuwa zimesimama dirishani zikizuia mwanga.

"Mzazi, sogeza kitanda kidogo," alisema. "Kinaziba kabati la vifaa."

"Karibu, mwanangu," bibi akamwambia. "Kaa, usisimame kama mdai."

"Asante mama, niko kazini."

"Hata mimi," alisema bibi, akachukua kiazi kingine.

Bosi akalazwa kitandani pake, kisigino kikigusa ubao. Mtaalamu akampangia kadi tatu, mpira, kikombe na kiatu, akamwambia aonyeshe kikombe, kwa kidole au kwa sauti.

"Kikombe ndiyo hiyo ya mwanzo?" bibi akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

Bosi akagonga mara mbili.

"Hiyo ya katikati?"

Akagonga mara moja. Bibi akamuuliza pia kama viazi vimetosha, akagonga mara mbili, na bibi akaongeza viazi. Mtaalamu alikuwa bado anangoja kidole.

"Mama, tafadhali, mtoto asisaidiwe," alisema. "Na huo mguu unamtoa kwenye zoezi. Baba, hebu mshikie."

"Huo mguu ndio anaotumia kuongea, mtaalamu."

"Nakuelewa. Ila leo tunapima kidole na sauti. Mshikie tu tumalize, watu wamejaa nje."

Fundi alifikiria darasa, akafikiria nafasi moja. Akapiga magoti, akakifunika kisigino kwa kiganja. Kilikuwa kidogo na cha moto, kimeota sugu kwa kugonga. Kikampiga kiganjani mara mbili. Kikatulia, kikampiga tena mara mbili. Hakuna aliyesikia isipokuwa yeye, naye akaendelea kukishika. Alikwisha kufukuzwa na wenye nyumba mbele ya majirani, lakini aibu ya namna hii hakuwahi kuionja. Bosi alimkazia macho muda wote, kisha akaacha kugonga.

"Ona sasa alivyotulia," alisema mtaalamu, amefurahi kwa dhati.

Kidole hakikuinuka, sauti haikutoka. Ikaamuliwa kwamba Bosi bado hajaanza kuwasiliana, na kwamba aletwe mwakani. Nafasi ilimwendea mtoto aliyesema "ba".

Walipoondoka, chumba hakikuondoka nao. Walipofika walikokuwa wakiishi walikuta uwazi kati ya jirani wa kulia na jirani wa kushoto, kuku wameshaingia. Ikabidi warudi kliniki na kuishi huko. Mkuu wa kliniki alikuja kuangalia, akaomba tu cherehani isipige kelele saa za vipimo. Wazazi waliosubiri wakawa wanalaza vichanga vyao kitandani, na bibi akapata watu wapya wa kuwasimulia habari ileile.

Bosi alirudi kugonga, ila kwa bibi yake peke yake. Baba akimuuliza jambo, kisigino kinanyamaza. Fundi aliuliza kuhusu chai, kuhusu nguo, kuhusu mto uhamie upande gani, na kila mara alijibu mwenyewe, akijua kwamba huenda amekosea. Iliuma sana.

Mtaalamu akazoea kupitia kwao kila asubuhi. Siku moja aliketi kwenye kitanda chao na kikombe cha chai, akapumua kwa uchovu.

"Mimi huyu mtoto simwachi," alisema. "Tatizo letu ni usafiri. Siku tukipata gari nitakuja huko kwenu, nimwone anavyoishi nyumbani."

"Karibu sana," alisema fundi. Akamwinamia binti yake. "Umesikia, Bosi? Tutapata mgeni. Aje?"

Akangoja. Kisigino kilikuwa juu ya ubao, kimetulia. Mtaalamu akamalizia chai, akashukuru, akaenda kumfungulia mlango mzazi aliyefuata.