Mkia wa Faili

Mdogo wangu tunamwita Waziri, kwa sababu ana jibu kabla hujamaliza swali. Ndiye niliyempa kazi ile, na mpaka leo sijui akili zangu zilikuwa wapi.

Kabla hajafanyiwa upasuaji wa koo, mama alijifungia kwenye chumba chake cha kushonea akajirekodi kwenye kinasa sauti kidogo cha mtumba. Madaktari walikuwa wamemwambia wazi kwamba hatasema tena. Akarudi nyumbani mzima, lakini kimya, akitujibu kwa kugonga mkasi mezani: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Alichokuwa akikitaka ni kuisikia sauti yake tu, na sisi tulikuwa tukiitaka kuliko yeye.

Taabu ni kwamba kinasa sauti kile kilihifadhi faili za aina yake peke yake, ambazo simu zetu hazikuzitambua. Nikampigia Waziri, nikamwambia azihamishie kwenye kompyuta yake na azibadilishe ziwe za aina ya kawaida. Haukupita muda akaniambia kazi imekwisha, tena kinasa sauti amekifuta chote, kisijae bure.

Jioni Waziri alipokuja na kompyuta yake tukazifungulia mbele ya mama, zilitoa mkwaruzo mtupu. Mama akageukia ukutani. Hasira zilinipanda, nikamvuta Waziri jikoni anieleze ametumia programu gani.

"Programu ya nini, dada? Si ulisema nibadilishe? Nimebonyeza, pakaandikwa 'badilisha jina', basi nikabadilisha ule mkia wa mwisho, zile herufi baada ya nukta."

Niliketi juu ya ndoo. Kisha kicheko kikanitoka, maana roho ilikuwa imenirudi. Huyu bwana alikuwa amebadilisha kibao cha mlangoni tu, ndani ya nyumba hakugusa hata kijiko. Sauti ya mama ilikuwa mle mle. Nikamwamuru azirudishie faili mikia yake ya zamani, nami nikaenda kupekua kopo la vifungo la mama, ambamo kila kitu cha nyumba hii huishia. Diski ya programu iliyokuja na kinasa sauti ilikuwa chini kabisa, imeng'ang'aniwa na uzi mwekundu. Programu ile ilizifungua faili bila ubishi, kisha ikazihifadhi upya, moja moja, kwa aina ambayo simu yoyote inaielewa.

Tukampelekea mama simu. Akabonyeza ya kwanza.

"Waziri, funga mlango, mbu wanaingia."

Waziri, mtu mzima na ndevu zake, akainuka kwenda kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa tangu jioni. Alibaki kule mlangoni, ametupa mgongo, anajifuta macho kwa shati. Mama akagonga mkasi mara moja.

Mimi nikifurahi mdomo haufungiki. Nikaanza kupanga: tuweke nakala kwangu, nyingine kwa shangazi, Waziri asikaribie kitufe chochote, na kile kinasa sauti kifungiwe kabatini. Nikasema wee, mpaka mama akaniinulia kiganja. Akaiangalia simu, akatafuta taratibu, akabonyeza nyingine.

"Chiriku," sauti yake ikasema, na hilo jina huniita yeye peke yake, "nipishe, na mimi niseme."