Mzee Sadoki Getini Kwetu

Watu wakisikia ofisi ya usalama wanafikiria miwani nyeusi na bastola kwenye soksi. Mimi nilikuwa meneja wa utawala, na silaha yangu kubwa ilikuwa funguo za stoo. Mafuta ya magari, likizo za watumishi, karatasi za choo, yote yalipita kwangu. Wakubwa wakigombania viti walikuja kuamuliwa kwangu kama watoto. Kazi yangu niliipenda, hilo sifichi. Mengine yote nilificha.

Hata majirani zangu wa Moshono hawakujua. "Mama Aika yuko serikalini," wanaishia hapo. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, mji umejaa mitumba, madalali wa madini na kampuni zisizo na ofisi, na kila unayekutana naye anauliza unashughulika na nini siku hizi. Mimi najibu, "Tunasukuma siku." Marehemu mume wangu alijua barabara ninayoingia, mlango hakuujua.

Wageni walipozidi mjini, wakubwa wakaniambia nitunge kanuni ya geti. Nikatunga, tena nikajisifu: yeyote anayeulizia habari za mtumishi aingizwe ndani kwa adabu, apewe kiti na chai, ahojiwe, na asitoke mpaka mimi mwenyewe nimemwona.

Mwaka huo binti yangu Aika alikuwa amependana na Mikaeli, mwalimu, kijana wa Kimeru ambaye kwao ni kule juu ya Maji ya Chai kwenye migomba na kahawa. Baba yake Mikaeli alisema neno moja tu: "Tutatuma mtu atazame." Wameru hawaleti posa bila kuutazama ukoo, na sisi Wachaga ni vilevile, kwa hiyo sikuudhika. Lakini miezi ikapita kimya. Aika akakonda. Anagusa chakula, anasema ameshiba.

"Mama, labda wamesikia kitu kibaya," aliniambia.

Mimi nilijua kibaya ni kwamba hawakusikia kitu chochote. Ukoo usio na habari unatisha kuliko wenye kesi.

Mchana mmoja Lerionka, mkuu wangu wa walinzi, akaingia ofisini kifua mbele. "Mama, tumempata mmoja. Alikuja akikufuata nyuma, akakaa kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, anakuulizia wewe. Tumemhoji tangu asubuhi, hasemi nani kamtuma. Huyu amefundishwa."

"Aliuliza nini hasa?"

Akashusha sauti. "Kama una hasira. Kama kwenu kuna kifafa. Kama unahudhuria jumuiya ya kanisa. Nadhani ni maneno ya fumbo."

Jamani! Fumbo gani, na mtu ametumwa na kwao Mikaeli kutazama ukoo. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba changu nikamtumbukiza na mwanangu. Mzee yule akirudi mlimani akasema mama wa binti alimfungia chumbani, posa imekufa, na Aika atabaki nyumbani kwangu akinitazama.

Nilimkuta ameketi wima, koti zito mwilini, kofia mapajani. Chai ilikuwa imepoa bila kuguswa. Anayetazama ukoo hatii kinywani kitu cha ukoo ule mpaka ameridhika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Naitwa Sadoki. Hilo nimeshawaambia vijana wako. Zaidi ya hapo sina ruhusa."

Nikamwambia Lerionka atoke na afunge mlango. Akatoka shingo upande.

Sasa nifanye nini? Nikisema namjua aliyemtuma, nimemwaibisha, maana mtazamaji akishajulikana safari yake imeharibika. Nikakumbuka ua wa masale, majani yetu ya kuombea radhi, nilioupanda mwenyewe nyuma ya ofisi, ambao wakubwa walikuwa wananisumbua niung'oe niweke maua ya waridi. Nikatoka, nikachuma sale moja, nikarudi nalo nimelishika kwa mikono miwili.

Mzee Sadoki akalitazama. Kwao kama kwetu, ukiombwa radhi kwa sale hukatai. Akalipokea.

"Basi niulize moja tu," akasema. "Humu ndani unafanya kazi gani, mama?"

Uongo ulikuwa karibu kabisa. Ningesema mimi karani wa mazao, akaondoka na jibu lake, mwanangu akaolewa. Ulimi uligoma. Sikutaka Aika aingie kwa watu kwa mlango wa uongo.

"Baba, nimeapa. Siwezi kukuambia, hata kama itanigharimu kitu ninachokipenda kuliko kazi hii."

"Na mimi nimeapa," akasema mzee. Akavuta kile kikombe cha chai baridi, akanywa chote, akavaa kofia yake.

Kesho yake niliongeza mstari kwenye kanuni yangu: anayeulizia kifafa asizuiwe.

Posa ililetwa Jumapili baada ya ibada. Sebule ilijaa Wameru na Wachaga, sahani za ndizi na nyama, kreti za soda, na pombe ya ndizi iliyofichwa jikoni kwa heshima ya mchungaji. Mzee Sadoki akasimama. "Nimeutazama ukoo huu. Nilimwuliza mama neno moja, hakuniambia. Binti aliyelelewa na mama huyo hatapeleka maneno ya nyumba yetu sokoni."

Aika alinigeukia, macho yamejaa maji. Miaka yote niliogopa kwamba kazi ile ilimnyima mama anayejulikana. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Shemeji yangu, mdadisi tangu utoto, hakuweza kuvumilia. "Kwani ninyi wawili mlikutana wapi?"

"Njiani," tukajibu kwa pamoja, mimi na Mzee Sadoki, na Aika akaomba aongezewe ndizi.