Nati Isiyoshika Kutu

Mimi Amoni ni mtu wa hasira, na mji wetu mzima wa Mpemba unalijua hilo. Ukiniletea gari ambalo fundi wa haraka amekwishalipiga spana mpaka kichwa cha bolti kimekuwa mviringo, nitakusema mpaka ujute kuja. Bolti iliyoganda haitaki nguvu, inataka adabu. Unaipaka mafuta ya breki yaliyochanganywa na dizeli, unaiacha inywe. Unaigonga kichwani taratibu. Ikikataa, unaipasha moto na kuigusisha mshumaa, nta inajipenyeza yenyewe kwenye nyuzi. Na kabla ya kufungua, unafunga kidogo. Hapo ndipo vijana wanaponicheka, mpaka waione inaachia.

Lakini kulikuwa na gari moja nililolikimbia miaka saba. Ni Land Rover la marehemu kaka yangu Osward, lililolala bandani kwake Iyula tangu ajali iliyomuua. Kila shemeji yangu Felista aliponipigia simu nilikuwa na udhuru, mara mgongo, mara mteja kutoka Zambia ananisubiri. Mwaka huu, mwezi wa tano, akaacha kunibembeleza. Alisema ukoo umekaa, wanataka gari litembee kabla kahawa haijaiva, na kama mimi sina nafasi atamwita fundi mwingine. Fundi mwingine, jamani. Nikafunga vifaa nikaenda siku ileile.

Niseme mapema kilichonipeleka mbio, wewe sina haja ya kukuficha. Siku ya ajali nilikuwa bandani humo humo, nabadilisha kiungo cha stelingi, kwenye ule mkono unaogeuza tairi la mbele kushoto. Nati nilikuwa nimeiingiza kwa vidole tu, nyuzi tatu. Bado kuikaza, bado kuweka kile kipini kinachoizuia isijifungue. Ndipo tukaitwa: jirani yetu mzee Boazi amefariki, wanaume wakachimbe kaburi. Kwetu ukiitwa kaburini unaacha jembe shambani, unaacha nyundo, hata chai unaiacha kikombeni. Nikaenda, bila kumwambia mtu kwamba kazi haijaisha. Nikiwa shimoni mpaka kiunoni nikaliona Land Rover linapita barabarani, kaka anakwenda kuchukua jeneza Vwawa, na mwanawe Ipyana ndiye anaendesha. Ningeweza kupanda juu nikapiga kelele. Nikaona aibu, watu wangesema Amoni kalikimbia kaburi. Nikajiambia itashika tu mpaka Vwawa.

Haikushika. Kwenye mteremko wa pili gari lilipinduka, Ipyana akatoka mzima, baba yake hakutoka. Nilikuwa wa kwanza kufika, na niliuona ule mkono unaning'inia, nati haipo. Nikanyamaza. Watu wakasema kijana alikuwa anakimbiza gari, naye, mtoto wa miaka ishirini na moja asiyejua kilichompata, akaamini. Hajashika usukani tena. Mama yake alimwambia mbele ya ukoo asikanyage uani kwake, na mpaka leo anasukuma toroli la mizigo Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile, nikatikisa kichwa pamoja na wengine.

Basi nikaingia bandani. Nje jua linawaka, ndani baridi kama ya asubuhi ya mwezi wa saba. Nikaanza na matairi ya nyuma. Nati na bolti zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja. Nikapaka, nikagonga, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana nikaning'inia nalo. Kila moja ilipoachia ilitoa mlio, na mlio wenyewe, sijui niusemeje, ulikuwa wa mtu anayevuta pumzi kabla ya kuongea. Nikajitukana kwa woga wangu nikaendelea na kazi.

Saa saba mchana nikaingia uvunguni, mbele kushoto. Ule mkono haukuning'inia. Ulikuwa mahali pake, na juu yake nati, nyuzi tatu, inang'aa kama imetoka dukani leo. Pembeni yake chuma chote chekundu, kinabanduka ukikigusa. Nikaisukuma nati kwa kidole, ikazunguka bila kelele.

Nikatoka nikamuuliza Felista nani ameligusa gari hili. Alikuwa anapeta maharage kwenye ungo. Akasema kufuli ni moja na ufunguo analala nao. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikamjibu fundi huuliza tu, naye akanitazama kidogo kisha akarudi kwenye maharage yake.

Nikarudi nikaitoa nati ile kwa vidole. Nikaenda nayo chooni, nikaitumbukiza shimoni, nikaisikia inafika chini. Nikanawa, nikala ugali alioniletea shemeji, nikarudi kwenye kazi. Nati ilikuwa mahali pake, nyuzi tatu.

Hapo hasira zikanipanda, zile hasira za mtu mwenye hofu. Nikasema kwa sauti, kama unataka kukazwa nitakukaza. Nikaikaza mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, nikaipitishia kipini kipya na kukikunja ncha zote mbili. Nikageuka kuchukua tochi. Nilipomulika, kipini kilikuwa mavumbini, kimenyooka. Na nati ilikuwa inajirudisha yenyewe, polepole, bila mkono wa mtu, mpaka ikafika palepale nilipoiacha miaka saba iliyopita. Hapo ikasimama.

Sikuona mzimu, wala sikusikia sauti. Lakini kimya kile nilikijua. Osward ndiye aliyenifundisha ufundi, na nilipoharibu kazi hakunigombeza, alikuwa ananyamaza tu, anasubiri niseme mwenyewe. Nilikuwa nachukia kimya chake kuliko kofi. Nikalia uvunguni mwa gari lile, mtu mzima wa miaka hamsini na nne, na sioni aibu kukwambia.

Kisha nikaitoa nati, nikaifumba kiganjani, nikaenda uani. Felista akaniuliza kama nimemaliza. Nikapiga magoti mbele ya ungo wake.

"Shemeji, si Ipyana aliyemuua baba yake," nikasema. "Ni mimi. Nati ya stelingi sikuikaza. Niliwaona wanapita, nikabaki kaburini."

Nikafungua kiganja kumwonyesha. Nati ilikuwa imeoza. Kutu ya miaka saba, yote kwa mpigo. Ilimomonyoka mbele ya macho yetu, vumbi jekundu likaangukia maharage.

Hakulia wala hakunitukana, na laiti angenitukana. Alilitenga lile vumbi na maharage kwa kidole, punje kwa punje. Mwisho akaniuliza jambo moja tu.

"Siku ile kwenye kikao, nilipomwambia mwanangu asikanyage hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akasimama, akaingia ndani, akatoka na simu. Miaka saba hakuwahi kumpigia mwanawe, ila namba alikuwa nayo. Akabonyeza, akahakikisha inaita, akaniwekea sikioni bila kusema neno. Kule upande wa pili nikasikia matoroli yanagongana na mtu anaita wateja kwa Kibemba. Kisha sauti ya kiume, nzito kuliko niliyoikumbuka, ikauliza taratibu, kwa woga:

"Mama?"

"Si mama," nikasema. "Ni baba yako mdogo. Amoni."

Nikasikia anasogea mbali na kelele.

"Shikamoo, baba mdogo."

Marahaba ilifika mdomoni ikakataa kutoka. Felista alikuwa amesimama mbele yangu, mikono kifuani, anasubiri.

"Usiniamkie, mwanangu," nikamwambia. "Nisikilize kwanza."