Kifaa Kilichonyamaza Jumanne

Baba yangu, mzee Kahigi, alikufa kwa baridi ndani ya nyumba yenye hita. Nasema wazi, kwa sababu msibani watu walimsingizia Mungu, na mimi nikawaacha.

Mapafu yake yalikuwa mabovu. Daktari alimkataza moshi na baridi, na kwetu Ndama, asubuhi za Juni, ukikwepa kimoja unakutana na kingine. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Omurushaka, nikaona hiyo ndiyo kazi yangu. Nilifunga hita ukutani, kisha nikaunda kipima joto kidogo kisicho na waya, kikaning'inia kando ya kitanda. Kila dakika kumi kilizinduka, kikaitumia hita habari za joto la chumba, kikalala tena. Kwa usingizi huo, betri zake mbili zingedumu miaka miwili. Na nilipanga kikinyamaza, hita ijizime kwa kuhofia moto, nami niletewe ujumbe kwenye simu. Nilijiona bingwa.

Jumanne ujumbe ukaja: kifaa kimenyamaza. Nikajua ni antena yake imeharibika. Siku tatu niliinama mezani nikiunda nyingine, hata chakula nikasahau. Ijumaa nilipanda bodaboda kwenda nyumbani nikipiga mluzi.

Chumba kilikuwa baridi kama kisima. Baba alikuwa amejikunja chini ya mablanketi mawili, midomo imebadilika rangi. Kampire, jirani yetu, aliyemkuta hivyo asubuhi ile, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Nilikifungua kile kipima joto. Ndani hamkuwa na betri. Zilikuwa kwenye redio yake, kando ya mto.

"Tata, umefanya nini?"

"Betri za redio ziliisha, mwanangu," alisema kwa shida. "Rafiki yangu Mbonimpa anaumwa sana kule Kamuli. Nitakosaje matangazo ya vifo? Azikwe mimi nimelala hapa?"

"Na hita?"

"Si ina umeme wake ukutani? Nilidhani haka kanapima tu."

Hakukosea yeye. Sikuwahi kumweleza, nilimwambia tu asikiguse, kwa sauti ya fundi mbele ya mteja mjinga. Tulimkimbiza hospitali. Jumapili akafariki.

Baada ya mazishi nilikaa jikoni na Kampire, tukimenya ndizi za wafiwa. Nikamsimulia yote kuhusu ile antena. Nadhani nilitaka anionee huruma.

"Kwa hiyo ulijua tangu Jumanne," alisema.

"Nilijua kifaa kimenyamaza."

"Ukampigia mzee simu?"

Nikamwambia nilidhani ni antena.

"Anatolia. Namba yangu unayo. Naishi hatua ishirini kutoka kitandani kwake. Ungeniambia tu, 'Mama, kamwangalie.'"

Hakusema kwa ubaya. Akanisogezea mkungu mwingine.