Faili Lililofungwa Miaka Sitini

Katika chumba cha kusomea nyaraka, kalamu ya wino ilikuwa mwiko. Mshonaji alinyang'anywa yake mlangoni, pamoja na mkoba na chupa ya maji, akapewa penseli iliyochongwa na kuchongwa mpaka ikabaki kama kidole gumba. Aliyempa alikuwa mtunza nyaraka, mama mwembamba ambaye watafiti walimwita Mama Penseli wakidhani hajui. Alijua, na wala halikumkera.

"Mikono mikavu?"

"Mikavu."

"Haya karibu. Unatafuta nini?"

"Mkusanyo wa kaka yangu. Yule wanayemwita Kabati."

Mama Penseli akatabasamu. Kabati nani asiyemjua? Karani mstaafu, mtu ambaye tangu ajue kusoma hajawahi kutupa karatasi, hata tangazo la paka aliyepotea. Miezi mitatu iliyopita alikuwa amekabidhi masanduku tisa yenye historia ya mtaa wao mzima: picha za harusi, kadi za kliniki, mihtasari ya mikutano ya kugombania bomba la maji. Alipigiwa makofi, akapigwa picha na mkurugenzi. Mshonaji naye alikuwepo siku hiyo, na alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, maana kaka ni huyo huyo mmoja.

Lakini leo hakuja kwa ajili ya mtaa. Alikuja kumtafuta mama yake. Miaka ishirini na sita iliyopita waligombana, yeye na mama, juu ya mwanamume mmoja ambaye, tuseme ukweli, mama alikuwa amemsoma vizuri kuliko yeye. Mama alimfukuza kwa hasira, naye akabeba cherehani yake akahamia mji wa mbali, anwani akamtumia kaka. Yule mwanamume hakumaliza hata mwaka. Mshonaji aliandika barua tatu za kuomba radhi, hakujibiwa hata kwa salamu. Mwaka wa tisa kaka akampigia simu kumwambia mama amefariki.

Baada ya mazishi alimuuliza, "Hakuniachia neno lolote?" Kaka akamkumbatia. "Mama alikuwa na moyo mgumu, mdogo wangu. Usijitese." Basi miaka yote iliyofuata aliishi na hilo, kwamba mama yake alikwenda kaburini na kinyongo juu yake. Sasa alitaka kitu kimoja tu, karatasi yoyote, hata orodha ya sokoni, ambayo mama aliandika jina lake.

"Huku hatuingii stoo kupekua," Mama Penseli alimweleza. "Unasoma orodha kwanza. Kila faili lina mstari wake. Ukiona unalolitaka, unajaza kikaratasi, tunakuletea mezani."

Mshonaji akasoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Faili la kumi na mbili, picha za shule. La ishirini, risiti za bati. La thelathini na moja likamsimamisha.

*Barua 14, kutoka kwa mama kwenda kwa bintiye. Barua 3, kutoka kwa binti kwenda kwa mama. Bahasha zote hazijafunguliwa. Limefungwa kwa miaka sitini kwa ombi la mkabidhi.*

Alirudia kusoma. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba.

"Mkabidhi ni nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni kaka yako. Aliyeleta nyaraka ana haki ya kusema hili lisisomwe mpaka mwaka fulani, nasi tunamheshimu."

"Sasa mbona mmeliandika hapa?"

"Kufunga faili siyo kulificha. Hata kilichofungwa lazima tuandike kwamba kipo, la sivyo kikiibwa nani atajua?" Mama Penseli alisogeza miwani. "Imeelezwa kwenye fomu, ukurasa wa pili. Nadhani alisaini ule wa kwanza akaona yameisha."

Karani kwa miaka thelathini! Aliyewarudishia watu fomu zao kwa sababu ya nukta! Mshonaji angecheka, lakini kidole chake kilikuwa bado kimekwama kwenye ule mstari. Mama Penseli alimwangalia, akaangalia orodha, akaelewa bila kuambiwa.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Barua ambayo haijafunguliwa ni ya aliyeandikiwa. Unaweza kuidai. Kaka yako akisaini, unapewa siku hiyo hiyo. Asiposaini, tunakwenda kwenye kamati, na kamati yetu ni miezi minane."

Alimkuta kaka kwenye nyumba ya mama, aliyoirithi yeye, ameketi barazani akipanga magazeti kwa tarehe. Alipomwona, kaka akafurahi.

"Karibu, mdogo wangu! Ngoja wifi yako alete chai."

"Faili la thelathini na moja, kaka."

Gazeti likabaki mkononi. Hakubisha, na hilo ndilo lililomuuma mshonaji kuliko yote, kwa sababu njia nzima alikuwa akiomba abishe.

"Wamekuonyesha?"

"Wameorodhesha."

"Nilisema lifungwe!"

"Ulikuwa unazipeleka wapi barua zangu?"

"Ufunguo wa sanduku la posta nilikuwa nao mimi." Alisema akiangalia sakafu. "Na za kwake alinipa mimi niziposti."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba zimefika. Kwamba labda umeshikwa na kazi."

"Miaka tisa nimeshikwa na kazi?"

Hapo akapandisha sauti. "Wewe uliondoka! Nani alimwogesha? Nani alimpeleka hospitali, foleni tangu alfajiri? Mimi! Na kila nikimpa dawa ananiuliza, postamani hajapita? Ungerudi na machozi yako mawili, mimi ningekuwa nani humu ndani? Ningekuwa mbeba ndoo!"

Mshonaji alimtazama mtu huyu aliyemfundisha kusoma na aliyemkumbatia kando ya kaburi. Alijisikia mjinga, mjinga wa miaka ishirini na sita.

"Kwa nini basi hukuzichoma? Ungezichoma nisingejua kamwe."

Kaka akainua uso, amekasirika kabisa. "Nichome karatasi? Mimi?"

Kesho yake kaka alikwenda kusaini. Hakutaka, lakini wifi, aliyesikia yote nyuma ya pazia na chai yake mkononi, alimwambia asiposaini, yeye mkewe ataondoka.

Walikaa meza moja, mshonaji upande huu, kaka upande ule. Mama Penseli alileta kisu chembamba cha kufungulia bahasha. Mshonaji alifungua kwa mpangilio wa tarehe. Za mwanzo mama aliomba msamaha kwa kumfukuza, hivi hivi, bila kuzunguka. Za katikati zilijaa habari: kuku wametaga, bati limevuja, rudi hata kwa wiki moja. Mwandiko ulizidi kuwa mkubwa na wa kupinda.

Bahasha ya kumi na nne haikuwa na mwandiko wa mama. Ilikuwa na herufi nadhifu za karani. Ndani mlikuwa na mistari michache tu.

*Mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri. Nadhani nimekuwa nikikosea anwani ndiyo maana hupati. Safari hii nimemwomba kaka yako aiandike yeye, anajua mambo ya posta. Hii utaipata.*

Mshonaji alilia pale pale, mbele za watu, penseli zikisimama meza zote.

Alipotulia alisema barua zibaki pale, kwenye masanduku yasiyoingia mchwa, ila wazi, yeyote azisome. Mama Penseli akavuta orodha, akafuta ile miaka sitini.

"Kuna sehemu haikujazwa," alisema. "Historia ya utunzaji. Tunaandika nyaraka zilikuwa kwa nani kabla ya kufika kwetu."

"Andika 'familia'," kaka alisema haraka. "Inatosha."

"Andika zilikuwa kwa kaka yake," mshonaji alisema, "miaka ishirini na sita. Na andika kwamba ile tisa ya mwanzo alikaa nyumba moja na mama aliyeziandika."

Mama Penseli aliandika. Kaka alifuata kila herufi kwa macho.

"Basi ongeza," alisema, "kwamba hakuna hata moja iliyoharibika."

Mama Penseli alimgeukia mshonaji.

"Ongeza, ni kweli," mshonaji alisema. "Halafu mwambie atoke. Nataka kukaa na mama yangu."