Waridi Juu ya Mto

Mwaka ule wa tisini na nane ofisi yetu ya mradi wa vyandarua, pale Ifakara, ililetewa kompyuta na sidii iliyojaa picha za matangazo. Mratibu wetu, Fidel, aliipenda ile sidii kama aliizaa mwenyewe. Alisema humo hakuna kinachokosekana.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu kwa ajili ya bango letu: picha ya chandarua ndani ya dungu. Mvua zikishika, watu wa bonde hili hufunga nyumba na kuhamia shamba kulinda mpunga, wakalala kwenye vile vibanda vya miti vilivyo wazi pande zote. Chandarua hubaki kijijini juu ya kitanda kizuri, kisije kikachafuka. Mdogo wangu Febronia alifanya hivyo msimu uliopita, akarudi na binti yake anawaka homa. Tulimzika mtoto kabla ya mavuno. Sasa alikuwa na mwingine, Evodius, ananyonya, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Nikaketi mbele ya mashine. Nikatafuta mkulima, akatoka mzungu mwenye shati lililopigwa pasi, amefumba macho ananusa nyanya. Nikatafuta mama wa Kiafrika, nikaletewa simba jike na wanawe. Nikatafuta chandarua, akaja mwanamume wa suti na tai ameshika samaki sikioni kama anapiga simu. Nani alimwita huyo? Nani aliamka asubuhi, akanunua samaki, akamwambia mwenzake nipige picha? Nilitamani kuizaba kofi ile mashine.

Siku zikaenda, umeme ukikatika na kurudi. Mwishowe kikatokea chandarua cha kweli, cheupe, juu ya kitanda kipana chenye mashuka meupe, na waridi jekundu juu ya mto. Mtu wa kukilalia hayupo. Fidel akasema kazi imekwisha.

"Bosi," nikamwambia, "kitandani ndiko kinakokaa siku zote. Wenye kuumwa na mbu wako shamba. Tumpeleke mpiga picha Valentino na kamera yake kwenye dungu lolote, jioni picha tunayo."

"Dada Katarina, tangazo linataka kupendeza. Nani atatazama dungu lenye matope?"

Akaongeza kwamba filamu ingebidi isafirishwe Morogoro kusafishwa, na wachapaji wa Dar es Salaam hawangoji mtu. Mwenye nguvu mpishe. Nikaandika chini ya picha kwamba watu walale ndani ya chandarua popote walipo.

Mabango yalipendwa mno, na hilo liliniudhi zaidi. Mpaka Malinyi watu waliyaomba wakapambe sebule. Febronia naye nilimpelekea moja pamoja na chandarua kipya, nikamsisitizia kwamba hicho ni cha dungu, si cha nyumbani. Akaitikia, "Ndiyo, dada," huku macho yake yako kwenye picha.

Mvua zilipoanza nilikwenda kumsalimia. Nikamwamkia jirani yake, Mama Restuta, naye akanijulisha kwamba wameshahama na mtoto wao, funguo ameachiwa yeye. Akanifungulia.

Bango lilikuwa ukutani chumbani. Chini yake, chandarua kipya kimening'inizwa juu ya kitanda kwa ustadi ambao hata Fidel angeusifu. Shuka jeupe limetandikwa bila kunyanzi. Na kwa kuwa waridi hakuwa nalo, Febronia alikuwa amechomoa lile ua jekundu la plastiki kwenye sanamu ya Bikira Maria, akaliweka katikati ya mto.

Nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kisha nikapanda juu ya lile shuka na viatu vyangu vya matope, nikakata kamba, nikakikunja chandarua, nikakibana kwapani. Nikamuuliza Mama Restuta njia ya kwenda shamba.