Kwa Mama Yake Will

Huku mjini Ilkeston wingu zito likitanda, watu husema, "Kumeingia giza kwa mama yake Bill." Huyo Bill ni nani, hakuna ajuaye. Avril alisema hivyo miaka yote ya ndoa yake na Desmond, hadi Jumamosi moja alipokuwa akianua nguo uani.

"Desmond, njoo unisaidie. Kumeingia giza kwa mama yake Will."

Desmond akabaki na shati mkononi. "Kwa mama yake nani?"

"Will."

"Sisi tunasema Bill."

"Bill, Will, mvua ni ile ile. Shika vibanio."

Jioni ile Desmond alikula pai akiwaza. Wanaosema Will ni watu wa ng'ambo ya mto, na mtu huokota maneno kwa anayekaa naye. Avril alikuwa akikaa na nani? Hakwenda popote ila mazoezi ya kwaya kanisani, kila Alhamisi.

Alhamisi ilipofika, Desmond akabeba mwavuli, akaenda kumpokea. Akawakuta mlangoni, Avril na Lionel, mwalimu wa kwaya, wanacheka. Lionel akatazama juu.

"Wahi nyumbani, bata wangu. Kumeingia giza kwa mama yake Will."

Bata wangu. Huku hata muuza nyama humwita hivyo kila mteja, lakini kwa Desmond lilikuwa kama kofi.

"Ni Bill," akasema.

Lionel akatabasamu. "Bibi yangu alisema Will."

"Basi bibi yako alikosea."

Avril akaondoka. Mvua ikamnyeshea njia nzima, mwavuli aliukataa.

Walipofika jikoni, Desmond akauliza, "Kuna nini kati yenu?"

"Kuna kuimba. Na Lionel huniuliza ninaonaje. Wewe uliniuliza lini?"

Desmond akauweka mwavuli pembeni.

Avril hakuacha kwaya. Alhamisi iliyofuata Desmond alikaa benchi la nyuma, mikono kifuani, akimkodolea Lionel macho kama anayelinda kuku. Walipofika nyumbani akamimina chai, akasema kwa shida, "Ule wimbo wa pili. Unauonaje?"

Avril akamtazama kwanza, kuhakikisha hatanii. Kisha akaanza kusimulia, akasimulia mpaka chai ikapoa. Jina la Lionel lilipita humo mara nyingi, na kila lilipopita Desmond alichomwa. Lakini hakumkatiza.